Usitupe PS2 Yako: Anza na TV, Kisha Lenzi, Gemu Ije Mwisho

SWALI: Nina PlayStation 2 ile nyembamba iliyokaa kwenye sanduku chini ya kitanda tangu nilipomaliza shule. Mwezi huu nimeitoa nicheze gemu ya mpira ya PES 6 na ile ya magari na majambazi, GTA San Andreas, na wapwa zangu. Kwenye TV yetu mpya ya inchi 43 picha imekuwa kama uji, mchezaji anageuka wakati nimeshasahau nilibonyeza nini, na San Andreas inaganda nikikimbiza gari. PES haigandi. Halafu hawa watoto wanacheka wakiona Liverpool inaitwa Merseyside Red. Je, gemu hizi zilikuwa mbovu tangu mwanzo, sisi tukawa watoto hatuoni? Fundi wa hapa mtaani ameniambia nitupe, ninunue toleo jipya la San Andreas. (Msomaji, Umoja, Nairobi)

JIBU:

Dada, usitupe. Umeleta malalamiko manne, na matatu hayahusu gemu hata kidogo: mawili ni ya TV, moja ni la lenzi inayosoma diski. Hilo la Merseyside Red ndilo kasoro ya gemu yenyewe, nalo lina dawa ndani ya gemu hiyohiyo. Tuanze na TV kwa sababu pale mwanzoni hutatoa hata shilingi.

PS2 ilitoka Japani Machi 2000 na Ulaya Novemba mwaka huohuo, wakati kila sebule ilikuwa na TV yenye mgongo mkubwa. Mashine za soko la Ulaya, ambazo ndizo nyingi hapa Kenya, hutuma picha ya mistari 576, lakini hazitumi yote kwa pamoja. Hutuma nusu, mistari ya witiri, kisha nusu nyingine, mistari ya shufwa, mara 50 kwa sekunde. TV ya zamani ilichora kila nusu papo hapo ilipofika. TV yako ya sasa haiwezi kufanya hivyo. Inalazimika kuzishika nusu hizo, kuziunganisha, kuzivuta zijae skrini ya mistari 1080 au zaidi, kisha kupaka rangi zake za dukani ndipo ikuonyeshe. Kila nusu inachukua milisekunde 20. TV ikishika tano tu, sehemu moja ya kumi ya sekunde imeshapotea. Kwenye filamu huwezi kugundua. Kwenye PES, hapo ndipo beki anapokunyang'anya mpira ambao kidole chako kilishapasi.

Kwa hiyo, ukiwa umewasha PS2 na TV iko kwenye chaneli ya AV, ile ya waya wa manjano (mpangilio huu TV nyingi huuhifadhi kwa kila tundu peke yake, ukiubadilisha ukiwa kwenye HDMI hautafika AV), ingia sehemu ya picha utafute hali ya mchezo, ile iliyoandikwa "Game". Iwashe. Halafu zima kila kitu kinachojisifu kulainisha mwendo au kupunguza chembechembe. Badilisha umbo la picha liwe 4:3. Ukiliacha lijaze skrini nzima, wachezaji wote watakuwa wanene na mpira utakuwa yai. San Andreas ina chaguo la skrini pana kwenye mipangilio yake ya picha, hiyo unaweza kuinyoosha. Fanya haya kabla ya kununua chochote, kisha cheza mechi moja. Mara nyingi nusu ya lawama huishia hapo.

Kuhusu uji: chanzo ni ule waya wa manjano. Unapitisha mwangaza na rangi kwenye njia moja, vikafika vimechanganyika, na TV kubwa inakuza mchanganyiko huo. Dawa ni kebo ya PS2 yenye vichwa vitano: kijani, bluu na nyekundu vya picha, nyekundu na nyeupe vya sauti. Kwanza angalia nyuma ya TV kama ina matundu hayo. Ukishaunganisha, washa PS2 bila diski, ingia mipangilio ya mashine, tafuta mstari wa "Component Video Out" uweke Y Cb/Pb Cr/Pr. Ikibaki RGB, rangi zitaharibika na utadhani umeuziwa kebo mbovu. Picha ikija nyeusi na nyeupe, kosa si la kebo: TV nyingi hutumia tundu la kijani kwa kazi mbili, nawe umechagua AV ya kawaida kwenye rimoti.

TV nyembamba za siku hizi zimeondoa matundu hayo na kubakisha kitundu kimoja kidogo kama cha spika za masikioni, kinachohitaji waya wake. Hapo kuna mtego. Waya hizo hazifanani ndani, hata zikifanana kwa nje. Kampuni moja imeweka picha pale ambapo nyingine imeweka sauti. Ukisikia mngurumo na skrini ni nyeusi, hamisha kichwa cha manjano ukijaribu vile vingine viwili kabla ya kurudi dukani kugombana.

Au nunua kigeuzi cha HDMI. Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki mjini Nairobi, utavikuta vya aina mbili, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Cha kwanza ni kisanduku chenye matundu matatu ya AV: hicho kinapokea uji uleule na kuukuza, usikichukue. Cha pili huchomekwa moja kwa moja nyuma ya PS2, kikiwa na waya mdogo wa USB wa kukipa nguvu. Huo unaweza kuuchomeka kwenye tundu la USB la PS2 yenyewe. Hiki huchukua ishara iliyotenganishwa, hivyo ule mpangilio wa Y Cb/Pb Cr/Pr unakihusu pia. Beba PS2 yako kwenye begi ukijaribie dukani. Vigeuzi vya bei nafuu hupitisha picha ilivyo bila kuiongeza mistari, na ziko TV zisizokubali picha ya aina hiyo kupitia HDMI. Ukikipeleka nyumbani bila kukijaribu unaweza kukaa ukitazama maandishi ya "No Signal" jioni nzima.

Gemu ikikuuliza mwanzoni uchague 50 au 60 (idadi ya picha kwa sekunde), chagua 60. Gemu nyingi za Japani na Marekani zilitengenezwa kwa 60, na zilipoletwa Ulaya baadhi zilishushwa hadi 50 kivivu: zikaenda polepole kwa sehemu moja ya sita na kubaki na mikanda myeusi juu na chini.

Sasa lenzi, ambayo ndiyo kazi hasa.

Umesema San Andreas inaganda ukiwa kasi lakini PES haigandi. Maelezo hayo yametosha kunionyesha ugonjwa. PS2 ina kumbukumbu ya megabaiti 32 tu. Miji ya gemu hiyo, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na mashamba yote ya katikati hayawezi kuingia humo, kwa hiyo gemu inasoma ramani kutoka kwenye diski wakati unaendesha: barabara ya mbele inaingia, ya nyuma inafutwa. Redio ya gari nayo inasomwa hukohuko. Lenzi iliyochoka ikikosea mara moja, inarudia kusoma. Ukitembea kwa miguu hutajua, ukiwa kasi barabara inakwisha kabla lenzi haijarudi. Utaona nyumba zikichelewa kutokea, lami ikigeuka rangi tupu ya udongo, redio ikikatika, kisha kila kitu kinasimama. PES inafanya kinyume. Inabeba uwanja na wachezaji kabla ya mechi, halafu dakika zote za mchezo inahitaji diski kidogo tu. Lenzi hiyohiyo mbovu inaonekana nzima.

Kabla ya kufungua chochote, ipime. Weka CD ya muziki, kisha DVD ya filamu, kisha diski za gemu. Geuza diski za PS2 utazame tumbo: zenye tumbo la bluu ni CD, zenye tumbo la fedha ni DVD, na mashine inazisoma kwa leza tofauti. CD zikisoma na DVD zikikataa, leza ya DVD ndiyo imechoka. Zote zikikataa, shuku uchafu, utepe uliolegea, au kifuniko kisichobonyeza swichi zake vizuri. Kwenye slim, yaani PS2 nyembamba kama yako, kifuniko kisipofunga sawasawa diski haizunguki kabisa. San Andreas ikiganda mahali palepale kila mara, lenzi ni nzima na diski ndiyo yenye kidonda. Ikiganda popote, rudi kwa lenzi. God of War II nayo ni kipimo kizuri kwa kuwa imeandikwa kwa tabaka mbili: lenzi inayoisoma bila kusita bado ina uhai.

Kusafisha slim hakuhitaji hata bisibisi. Chomoa stima ukutani. Fungua kifuniko. Karibu na kile kitovu kinachoshika diski utaona kijiduara kama punje ya dengu, chenye mng'ao wa bluu ukikitazama kwa upande. Kiguse kwa pamba ya masikio, kidogo mno: kinapaswa kushuka na kupanda chenyewe kama kilichokaa juu ya springi. Kikibaki chini au kimeinama upande mmoja, hapo huna la kusafisha, lenzi imekufa. Kikirudi, lowesha pamba kwa spiriti ya isopropili, tone moja au mawili, pamba iwe na unyevu isidondoshe. Zungusha polepole kutoka katikati kwenda nje, mara mbili. Pitisha pamba kavu. Acha dakika kumi, wazi, kabla ya kuwasha.

Spiriti ya asilimia 99 inapatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa itafanya kazi lakini maji yake huacha madoa, kwa hiyo rudia kwa pamba kavu. Sanitaiza usithubutu, ule utelezi wake unabaki juu ya kioo kama ngozi ya maziwa. Wala usipulize kwa mdomo. Kando ya barabara ya Outer Ring vumbi haliji peke yake. Linakuja na mvuke wa mafuta ya chapati kutoka jikoni, vikashikamana na lenzi. Kupuliza hakuondoi kitu hicho, kunaongeza mate.

Ukiwa hapohapo, tazama ule utepe mpana unaotoka kwenye lenzi. Slim za mwanzo zina ugonjwa wake: utepe huvimba juu, ukaguse diski inapozunguka. Geuza diski zako. Ukiona mkwaruzo wa duara kamili, kama uliochorwa kwa bikari, hiyo ni kazi ya utepe, na kila diski utakayoingiza itachorwa hivyohivyo. Acha kucheza kwanza. Utepe unakunjwa ulale chini na kushikizwa kwa kipande cha gundi ya karatasi, ukihakikisha lenzi bado inasafiri toka mwanzo hadi mwisho bila kuvutwa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni haina shida sana. Ya mzunguko ndiyo mibaya, maana inafuata njia ya data na kuifuta kwa urefu. Ndiyo sababu diski hupanguswa kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha.

Ile hadithi ya dawa ya meno ina ukweli kidogo: inasugua mikwaruzo myepesi ya tumboni. Upande wenye picha ni habari nyingine. Kwenye DVD data iko katikati ya unene, kwenye CD iko chini tu ya rangi ya juu. CD ya tumbo la bluu iliyokwaruzwa usoni imekwenda, usiisumbue. Na kama San Andreas yako ni nakala iliyochomwa mjini, kama nyingi zilivyokuwa, jua kwamba hurudisha mwanga hafifu kuliko diski ya kiwandani, na rangi yake huchujuka kwa miaka. Lenzi nzima inaweza kushindwa nayo. Azima diski halisi kwa jirani kabla ya kuihukumu mashine.

Fundi akikuambia "nitaiongezea lenzi nguvu", mwulize kwanza kama ana mita. Pembeni ya lenzi kuna skrubu ndogo sana zinazorekebisha umeme wa leza. Kuzikaza kunarudisha uhai, kweli, lakini ni kama kumpa punda mgonjwa kiboko. Leza inawaka zaidi na kufa mapema. Anayejua kazi hupima na kuandika kiwango kilichopo kabla hajagusa, kisha husogeza kwa unywele. Anayezungusha kwa macho anacheza bahati nasibu kwa pesa zako.

Lenzi mpya ni chaguo bora kuliko hilo. Soma namba iliyo kwenye lenzi yako na uende nayo (slim nyingi za mwanzo zina PVR-802W), kwa sababu jina la "lenzi ya slim" halitoshi. Na hapa kuna kosa linalotupa lenzi nyingi nzima kwenye pipa. Lenzi mpya huja na tone dogo la lehemu kwenye utepe wake, limewekwa kiwandani kuikinga na umeme tuli safarini. Lisipoondolewa kwa chuma cha moto baada ya kufunga, leza haiwaki, na fundi atasema "hii nayo ni feki". Mwambie aangalie tone.

Umeme, kwa ufupi. Namba iliyo chini au nyuma ya mashine, mfano SCPH-77003, huishia na tarakimu inayosema soko lake: 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya, 1 ni Marekani, 0 ni Japani. Zile kubwa za zamani zinazoishia 1 au 0 hupokea volti 120 au 100. Zikichomekwa kwenye 240 zetu bila transfoma ya kushusha, utasikia harufu kabla ya kuona picha. Slim zenye adapta ya nje hutumia volti 8.5. Adapta ya volti 12 ya king'amuzi ina kichwa kinachokaribia kuingia, na watu hulazimisha. Usilazimishe. Mashine ikisahau tarehe kila ukiizima, ni betri ya CR2032 ndani, ile ile ya mizani ya jikoni.

Pedi pia huzeeka. Kitufe kikijibonyeza chenyewe au kikikataa, mara nyingi si mpira wa kitufe: ndani kuna karatasi ya plastiki yenye njia za umeme inayokandamizwa na sponji, na sponji imelala. Kipande cha gundi ya karatasi kilichokunjwa mara mbili nyuma ya karatasi hiyo huirudisha.

Sasa tuje kwenye gemu zenyewe, maana umeuliza kama mlidanganyika. Hapana. San Andreas ya Oktoba 2004 imejaa makosa, na mengine ni ya kuudhi kweli. Lakini angalia kosa moja kwa karibu. Simama kilimani Los Santos jioni: mbali kumejaa ukungu wa rangi ya chungwa, majengo yanapotelea humo. Ukungu ule uliwekwa kwa sababu zile megabaiti 32 hazikuweza kuonyesha mbali. Ni pazia la kuficha umaskini. Matokeo yake lile jiji likaonekana kubwa lisilo na mwisho, lenye joto na moshi wa magari. Toleo jipya la 2021 analokushauri fundi wako lilikuja na nguvu za kuona ramani nzima, likaondoa pazia. Ukipaa na ndege unaona miji yote mitatu kwa mkupuo, na ghafla ni kisiwa kidogo tu. Mvua yake ilikuja kama nyuzi nyeupe zinazoziba macho, na baadhi ya nyimbo za redio hazikuwemo. Sasisho la Novemba 2024 lilirekebisha mengi na kurudisha mwanga wa zamani, tena kama kitu cha kuchagua, jambo linalosema yote. Silent Hill, gemu ya kutisha, iliishi hayohayo: ukungu wa 1999 ulikuwa wa kuficha udhaifu wa PlayStation ya kwanza ukawa ndio hofu yenyewe, na mkusanyo wa 2012 uliposafisha ukungu wa sehemu ya pili ukaonyesha kingo tupu za ramani. Kipya kinyemi, ndiyo, lakini hiki nyemi yake iliisha wiki ya kwanza.

Makosa yasiyo na uzuri wowote unaweza kuyazunguka. Ile misheni ya treni, unayoendesha pikipiki huku Big Smoke akipiga risasi nyuma yako, wapwa zako wataikasirikia kama kila mtu. Tatizo ni kwamba mtu husogea karibu na treni akidhani anamsaidia Smoke. Ukiwa karibu, pembe ya risasi inagonga ubavu wa behewa. Baki upande wa kulia, mbali kiasi, sambamba na wale jamaa walio juu, kisha shikilia mwendo huohuo, mwache apige. Ya Zero ya kindege cha rimoti kinachoishiwa mafuta ni ya hiari, hadithi kuu haiihitaji. Ukiitaka, achia kitufe cha mwendo mara kwa mara na uteleze hewani, mafuta yatadumu. Shule ya urubani ndiyo huwezi kuikwepa, lakini shaba inatosha.

Na zile chiti, mibonyezo ya siri iliyokuwa imeandikwa nyuma ya daftari la hesabu, bado zinafanya kazi. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: afya, kinga ya mwili na dola 250,000, na ukiwa ndani ya gari inalitengeneza pia. Hiyo ni salama. Ile ya kuwafanya wananchi wote waingie fujo usiihifadhi kamwe. Ukihifadhi nayo, fujo haiishi hadi uanze gemu upya.

PES 6 ya 2006 ina kasoro za kitabu kizima. Wachezaji hukimbia pande nane tu. Konami, kampuni iliyoitengeneza, haikuwa na haki za ligi ya Ujerumani, ikabaki Bayern peke yake. Pasi ndefu ya juu, L1 na pembetatu, kwa mshambuliaji mwenye mbio inavunja ngome mara nyingi kuliko ilivyo haki, na Adriano wa Inter anafunga kutoka mahali ambapo binadamu hapaswi kufunga. Peter Brackley na Trevor Brooking wanarudia maneno yaleyale hadi unaweza kuwatangulia. Pamoja na yote hayo mpira wake ni kitu kinachojitegemea. Haujagandishwa kwenye kiatu. Unapokea vibaya, unadunda. Pande nane nazo zinakulazimisha kupanga mwili wa mchezaji kabla pasi haijafika, ndiyo maana mchezo unakuwa wa akili kuliko wa vidole. Tumia vile vitufe vinne vya mishale, si kijiti; gemu hii inavitii zaidi, na kijiti cha pedi ya miaka mingi kinajiendea chenyewe. Na wekeni sheria nyumbani kuhusu Inter.

Jambo la kuchekesha: mwaka uleule PES 6 ilitoka kwenye Xbox 360, mashine yenye nguvu mara nyingi zaidi, na sehemu ya kuhariri timu ikaja imekatwakatwa. Iliyo kamili ni hii yako ya PS2. Konami waliendelea kuitengenezea mashine hii PES hadi PES 2014, iliyotoka Novemba 2013, na sita bado ndiyo watu wanaitafuta.

Kwa hiyo Merseyside Red, jina la kubuni kwa kuwa Konami haikuwa na haki za Liverpool pia. Toka menyu kuu ingia Edit, chagua timu, kisha jina. Futa, andika Liverpool, na uandike pia lile jina fupi la herufi tatu linalotokea juu ya skrini, watu hulisahau. Merseyside Blue ni Everton. Jezi ziko hapohapo ukiwa na subira. Ukimaliza, hifadhi kwenye memori kadi, na uwe na kadi halisi ya megabaiti 8. Zile za bandia zinazodai 64 hupoteza kila kitu siku usiyotarajia. Usizime wala usiguse kadi wakati gemu inahifadhi, na kama stima ya mtaani imekuwa ikirukaruka jioni hiyo, kazi ya majina iache hadi asubuhi.

Kadi hiyo ikae tundu la kwanza kabla ya kuwasha. PES husoma majina yenyewe inapoanza. Ukiichomeka baadaye, au iko tundu la pili, wapwa wataona Merseyside Red tena na kusema shangazi amedanganya. Hujapoteza kitu. Zima, hamisha kadi, washa.